Akageuka, na

Kitabu nilikinunua stesheni ya Tabora, mwaka ule wa mvua haba,
kwa abiria wa treni ya Kigoma aliyeishiwa nauli ya tumbo:
elfu mbili na kopo la asali ya miombo.
Kinene kama tofali la kuchoma,
jalada limeliwa, na mchwa, wenye adabu zao,
walianzia mwisho.

Kwa hiyo ukurasa wangu wa mwisho ni wa mia sita na kumi.
Ondwe mbeba chumvi yuko langoni, mkono juu ya komeo,
jeshi nje, mfalme ndani, na hakuna kati yao anayemjua jina.
Anasikia kitu nyuma yake.
"Akageuka, na"
Basi. Hapo ndipo mchwa waliposhiba.

Miaka kumi na mmoja nimekaa na hiyo "na".
Nimeshona nayo sare za shule, kola na vifungo,
nimesonga nayo ugali, nimeitikia nayo salamu za Isevya nzima,
na usiku, taa ikizimwa, nimemgeuza Ondwe
hivi, tena hivi,
hadi nikajua nyufa za kisigino chake.

Halafu ikaja tamthilia.
Banda la Mihayo, mia tano kwa kichwa,
mtafsiri mwenye sauti ya kukwaruza
akimwita malkia "huyu mama mkwe",
akilibatiza joka "Mwendokasi".
Kila Jumamosi vichwa vilinigeukia:
Mama Kitabu, huyu atakufa? Mama Kitabu, yule ni mtoto wa nani?
Nikajibu kama mganga aliyelipwa.
Sehemu tisa nilipatia zote. Mihayo akaacha kunitoza.

Jana ilikuwa ya kumi, ya kufungia msimu.
Jenereta lilikohoa mara mbili, likakubali.
Karanga zikanyamaza midomoni.
Lango lile! Nililitambua kama mlango wa kwetu.
Ondwe wamempa sura ya msichana laini,
kisigino kizima kama yai.
Sawa, nikameza.
Akaweka mkono kwenye komeo, akasikia kitu, akageuka,

na joka likapita.

Sekunde nne. Nilihesabu.
Hakupewa hata neno. Picha ikamkimbilia mwana wa mfalme
akilia juu ya kilima, nywele zikipepea vizuri,
na majina ya watu tusiowajua yakaanza kupanda.

"Kitabuni ndivyo?"
Alikuwa Shija, wa fundi baiskeli, miaka tisa,
kamasi na machozi havijulikani kipi ni kipi.
Banda zima likanitazama.

Ningesema sijui. Ningesema mchwa.
Nikasema, "Sivyo."
Nikasimama, nikakinga kioo kwa mgongo.
Akageuka, nikasema, na nyuma yake alikuwa mfalme,
miguu peku, anatoroka.
Ondwe hakupiga goti. Akamtwika gunia.
"Beba," akamwambia, "leo ujue uzito wa mboga yako."
Kisha akafungua lango, na jeshi lile,
lililokula nyama bila chumvi miezi sita,
likalaza mikuki likapanga foleni.

Wa nyuma wakapiga makofi. Mihayo akazima jenereta.
Nilirudi gizani, magoti yakinicheza kama mwizi wa kuku.

Labda kurasa zile zipo, nzima, kabatini kwa mtu,
na humo pia Ondwe anaungua.
Sitaki kuziona.

Leo asubuhi, bombani, Shija alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa
akiwasimulia wenzake: mfalme, gunia, foleni ya askari,
na punda wa Ondwe, mweupe, chongo,
aliyelipiga joka teke la pua.

Punda hakuwemo.
Nikatua ndoo yangu, nikasogea nisikie.